Kwa nini mnadani mashine ya milioni 3 huondoka kwa laki 4, na mkungu wa matooke kanisani hufika laki 2?

#1 — MamaChapati_Jinja

Wana jukwaa, salaam. Jambo hili limenikaa kichwani na bado sijapata wa kunieleza nikaridhika.

Kiwanda kidogo cha mikate hapa Jinja, Uganda, kilifungwa, vyombo vyake vikapigwa mnada. Nilikwenda kutafuta trei na rafu tu, maana nauza chapati na mandazi na trei zangu zimechakaa. Nikatoka na mashine ya kukandia unga, ile kubwa inayomeza kilo 25 kwa mkupuo, kwa shilingi 400,000. Trei sikupata hata moja. Zilipanda mpaka zikapita bei ya mpya dukani. Mashine kama ile, iliyotumika, Kampala wananitajia milioni 3 kwenda juu.

Na watu walikuwa wengi. Dalali alianza laki 3, mtu mmoja akasema laki 3 na nusu, mimi nikainua mkono, kisha kimya. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, nyundo ikalia.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya mavuno parokiani. Mkungu wa matooke ambao sokoni ungenunua kwa 25,000 ulinadiwa ukafika 200,000, na aliyeununua akaurudisha mbele unadiwe tena. Watu ni walewale wa mji huuhuu.

Maoni yangu ni kwamba bei ya mnadani haitoki kwenye kitu. Inatoka kwa nani hakuja siku hiyo. Nyinyi mnasemaje?

#2 — Mchuuzi_Malaba

Hongera nyabo. Kabla hatujafika mbali: uliiona ikizunguka? Na ni ya fezi ngapi, yaani njia ngapi za umeme?

#3 — MamaChapati_Jinja

Haikuwashwa, jengo lilikuwa limeshakatiwa umeme. Niliuzungusha mkono wa kukandia kwa nguvu zangu, ukaenda bila kukwama, na bakuli halina ufa. Fezi nitaangalia kwenye kibati chake kesho.

#4 — Fundi_Katwe

Mama, jibu lako liko hapo kwenye umeme uliokatwa. Kila mwenye akili ya biashara aliyesimama pale alijiuliza kama mota imeungua. Mota ikiungua inasukwa upya, hiyo ni pesa. Gia zikiwa zimelika, kipuri chake utakitafuta Kiseka na Katwe mpaka uchoke, mwisho uchongewe. Aliyekuja na milioni 2 mfukoni akaona bora aseme laki 3 na nusu, akikosa amekosa. Uliponunua mashine ulilipwa kwa kubeba hofu ya watu wote waliokuwepo.

Trei kila mtu anaijua kwa macho. Haina mota, haina siri. Ndiyo maana ikapanda.

Halafu mashine za kilo 25 nyingi ni za fezi tatu, na nyumba zetu za mtaani zina fezi moja. Mwenye karakana yenye fezi tatu hakuwepo, au alikuwepo akaangalia meza.

#5 — Dalali_Mstaafu

Fundi amesema kweli, lakini ameangalia upande wa mnunuzi peke yake. Mimi nimesimama na nyundo muda mrefu, naomba muangalie upande wa anayeuza.

Mwenye duka anauza ili apate faida. Mnadani anayeuza mara nyingi ni mtu ambaye mali si yake. Ni benki inayotafuta deni lake, au dalali wa mahakama anayetekeleza hukumu, au mfilisi wa kampuni iliyokufa. Deni likiwa milioni 20 na nyumba imeshauzwa milioni 19, hizo mashine na viti vinatafutiwa milioni 1 tu, basi. Nani atahangaika kupigania bei ya mashine ya unga? Juu yake kuna kodi ya jengo. Mwenye jengo anataka funguo zake, na yadi ya kuhifadhia inatoza kila siku. Kitu kizito kinachohitaji watu sita na lori kukiondoa, muuzaji anafurahi tu kikiondoka.

Ndiyo maana kwenye ardhi na magari wathamini huandika bei mbili, bei ya soko na bei ya kuuza kwa haraka. Ya pili huwa chini sana. Kwa vyombo vidogo hata huyo mthamini hafiki, dalali anaanza kwa kukisia.

#6 — AfandeMstaafu_Bombo

Mzee Dalali, nakuheshimu, ila umeruka jambo moja na nadhani unalijua.

Kwenye minada ya magari kuna watu wanaofahamiana. Wanakutana asubuhi kabla ya nyundo, wanakubaliana leo mmoja tu atainua mkono, wengine wanasimama kama wageni. Gari la milioni 12 linaondoka kwa 7. Jioni wanakaa kwenye kibanda cha nyama choma wanafanya mnada wa pili wao wenyewe, anayetoa zaidi analichukua na tofauti wanagawana. Nimeyaona kwa macho yangu. Mtu wa nje akiingia na kuanza kupandisha dau, wanampandishia kwa makusudi mpaka alipe bei ya kichaa, ili asirudi tena.

Mama alipata mashine kwa sababu kundi lile halishughuliki na unga. Angetaka Hiace angeona.

#7 — MamaChapati_Jinja

Afande, hayo ya kundi ndiyo hoja yangu hasa. Wanaotakiwa kushindana wamejiondoa wenyewe. Ni sawa na kutokuja.

#8 — Mchuuzi_Malaba

Lakini hii ya benki inatisha. Ukichelewa mwezi mmoja, wiki mbili baadaye nyumba yako iko gazetini, watu wanainunua kwa bei ya kutupa.

#9 — Wakili_Mdogo

Hapana, Mchuuzi. Sheria ya Rehani ya 2009 haiendi hivyo. Mkopaji akishindwa kulipa, hupewa notisi na siku 45 za kazi kurekebisha. Asiporekebisha, kabla ya kuuza lazima apewe notisi nyingine ya siku 21 za kazi. Siku za kazi, yaani Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Jumla unapita miezi mitatu. Na mnada wa wazi lazima utangazwe, ndiyo yale matangazo mnayoyaona New Vision na Daily Monitor.

Pia, chini ya Kanuni za Rehani za 2012, anayeomba mahakama isimamishe mauzo anaweza kutakiwa kuweka asilimia 30, ama ya ile bei ya kuuza kwa haraka ama ya deni lililobaki. Hapo ndipo wengi hushindwa.

Na ikiwa ni nyumba ya familia, rehani isiyo na ridhaa ya mwenzi wa ndoa ina kasoro. Mnunuzi anayekimbilia bei nzuri mnadani anaweza kununua kesi ya miaka. Nyumba ya rehani ikinadiwa mara kadhaa bila mnunuzi, kwanza ulizeni mke yuko wapi na alisaini nini. Hiyo nayo ni sababu ya bei kuwa chini ambayo Fundi na Afande hawajaitaja: watu wanaogopa mahakama.

#10 — Hajat_Ndeeba

Wakili asante. Ongeza na bibanja, yaani vipande vya ardhi vya wakaaji wasio na hati. Watu wananunua hati ya mailo (umiliki wa ardhi wa Buganda) mnadani kwa bei nzuri, wakifika shambani wanakuta familia nane zina mahindi na makaburi. Wale wanalindwa na sheria ya ardhi, hasa waliokaa pale miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995. Hati unayo, shamba huna.

#11 — Bint_Arua

Mimi naona mnazungumza kama bei ni hesabu tu. Kwetu vitu vya mnada watu hawavitaki kwa sababu vina machozi.

Jirani yetu alinyang'anywa vyombo na mkopeshaji wa mtaani. Kochi, friji na kitanda cha watoto vikatolewa nje watoto wakiangalia. Vikanadiwa palepale barabarani. Mtaa mzima ulisimama, na hakuna hata mmoja aliyeinua mkono. Kochi zuri la mbao ya mvule liliondoka kwa bei ya jembe, na aliyelinunua alitoka mtaa mwingine. Mama yangu alisema hata angepewa bure asingeliingiza ndani, kwa sababu mwenye kochi angelipita kila siku akiliona barazani kwetu.

Kwa hiyo MamaChapati, kwenye hoja yako naongeza kwamba wengine wanakuja, wapo hapo, lakini mikono yao iko chini kwa aibu na huruma.

#12 — Fundi_Katwe

Bint, hilo ni la nyumbani kwa mtu. Mashine ya kampuni haina machozi.

#13 — Bint_Arua

Kaka, kampuni ilikuwa na wafanyakazi. Yule aliyekuwa akiisafisha mashine ile kila usiku na mshahara wake wa mwisho hakuupata, muulize.

#14 — Ustadh_Kibuli

Bint umesema kwa moyo na huruma ni ibada. Lakini tusiuharamishe mnada wenyewe. Iko hadithi mashuhuri aliyoisimulia sahaba Anas, ya mtu wa Kiansari (mwenyeji wa Madina) aliyekuja kuomba. Mtume (SAW) akamuuliza kama ana chochote nyumbani. Alikuwa na tandiko na chombo cha kunywea maji. Mtume akavinadi mbele ya watu: nani atanunua? Mmoja akasema dirhamu moja. Akauliza, nani atazidisha? Mwingine akatoa dirhamu mbili. Zile mbili akapewa Mwansari, moja anunue chakula cha nyumbani, ya pili anunue shoka akakate kuni auze. Mnada ule ulimuinua mtu.

Kilichokatazwa ni najshi, kupandisha bei wakati huna nia ya kununua ili mwenzio alipe zaidi. Hao wa kibanda cha nyama choma wa Afande, wanapompandishia mgeni, ndio hao.

#15 — Dalali_Mstaafu

Ustadh, Allah akubariki. Na niseme ukweli, kupandisha bei kwa watu wa kupanga hufanywa pia na madalali wenyewe, upande wa muuzaji. Anawekwa mtu nyuma ya umati. Dalili yake ni mtu anayeinua mkono haraka sana kila mara, hasogei kukagua kitu, na akishinda kile kitu hakilipiwi, kinarudi tena mnada unaofuata kwa sababu "mnunuzi hakuja". Mkiona kitu kilekile kimerudi, fahamuni.

#16 — Katekista_Masaka

Nimesubiri mtu aseme juu ya kanisa, hakuna, basi nitasema mimi.

Mama, mkungu wa laki 2 haujauzwa kwa bei ya matooke. Ni sadaka inayopita kwenye mikono ya mkungu. Mtu anataka kusaidia bati za kanisa, lakini akitoa bahasha hakuna anayemuona wala hakuna anayefurahi pamoja naye. Kwenye mnada wa mavuno jumuiya yote inapiga makofi, kuku anapigiwa kelele, mayai trei moja inazunguka mara tatu. Aliyeurudisha mkungu ndiye aliyeelewa kuliko wote, kwa sababu mkungu mmoja umefanya kazi ya mikungu minne. Na keki kwenye mikutano ya harusi ni vilevile. Hakuna anayekula keki ya laki 5 akasema ilikuwa tamu kwa laki 5.

#17 — Mchuuzi_Malaba

Katekista, hilo sikatai, lakini kuna na presha. Mbunge akiwepo kwenye mkutano na dalali akamtaja jina, utaona kama ni sadaka au ni kampeni.

#18 — Katekista_Masaka

Vyote viwili hukaa kwenye mfuko mmoja, ndugu yangu. Bati hazibagui.

#19 — Mwalimu_Mbale

Mada nzuri sana. Naleta la darasani.

Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta wa Marekani, Capen, Clapp na Campbell, waliandika juu ya kampuni zilizokuwa zikinunua mnadani haki za kuchimba mafuta. Waliona washindi wengi walipata faida ndogo kuliko walivyotarajia. Sababu yao ni rahisi: hakuna aliyejua kuna mafuta kiasi gani, kila mmoja alikisia, na mnadani anashinda aliyekisia juu kuliko wote. Yaani kushinda kwenyewe ni dalili kwamba umezidisha. Wachumi huliita balaa la mshindi.

Kwa hiyo swali la Mama tuligeuze. Walipokuwa wengi na kila mtu anataka, kama kwenye trei, mshindi aliumia. Walipokuwa wawili, kama kwenye mashine, balaa lilipungua. Hoja yake ya "nani hakuja" ina msingi.

Na mfano mkubwa kuliko wote ni wa mwaka 193. Askari walinzi wa Rumi walimuua kaizari wao kisha wakaunadi ufalme wenyewe. Didius Julianus akatoa sesta (sarafu za Rumi) 25,000 kwa kila askari, akashinda. Alitawala siku 66, akauawa.

#20 — AfandeMstaafu_Bombo

Mwalimu, huo sasa ndio ununuzi wa pupa.

#21 — Kinyozi_Kasese

Sasa mnaonaje sisi tunaonunua kwa pupa tukafaulu?

Zahanati moja ya meno ilifunga. Mimi nilikwenda kwa ajili ya kioo cha ukutani. Nikaona kile kiti cha kulalia mgonjwa, cha kupanda na kushuka kwa kanyagio. Watu wote wanakiangalia kama kitu cha maumivu. Mimi nikaona saluni yangu. Nilikinunua kwa bei ya viti viwili vya plastiki na ushee. Leo wazee wanaotaka kunyolewa ndevu wanaacha saluni nyingine kwa sababu kwangu wanalala, na wengine wanasinzia kabisa mpaka niwaamshe. Kioo nilikosa, kilipanda.

Fundi anasema bei ni hofu, Afande anasema kundi. Kwangu mimi ilikuwa kwamba kila aliyekuwepo alikiona kiti kwa kazi yake ya zamani. Anayeona kazi mpya ndiye anayeondoka nacho.

#22 — Hajat_Ndeeba

Kinyozi, wewe mtu akikohoa anadhani atang'olewa jino.

#23 — Kinyozi_Kasese

Hajat, karibu Kasese, kahawa ya Rwenzori juu yangu na kiti utakijaribu mwenyewe.

#24 — Wakala_Nakawa

Mimi ni wakala wa forodha. Wengi wanadhani minada ya URA, mamlaka ya kodi, ndiyo penye bei za kutupa. Hapana. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inasema bidhaa zilizowekwa kwenye ghala la forodha zisipoondolewa kihalali ndani ya siku 30, inatolewa notisi, na zikipita siku 30 nyingine zinahesabiwa zimeachwa na zinaweza kunadiwa. Vitu vinavyooza haviwezi kusubiri, huenda mapema. Pesa ya mnada inaanza kulipa ushuru na gharama. Kwa hiyo muuzaji pale ana hesabu yake na hakuachii gari kwa bei ya jembe. Nafuu ya kweli mara nyingi iko kwenye vitu ambavyo havina soko la haraka, kama vipuri vya mashine isiyojulikana au marobota ya vitambaa vya rangi moja.

Na magari, jamani, kagueni karatasi kabla ya taa na matairi.

#25 — Mchuuzi_Malaba

Kwenye magari kuna ile sheria kwamba lenye miaka 15 haliruhusiwi kuuzwa tena. Ndiyo inashusha bei za magari ya serikali.

#26 — Wakala_Nakawa

Si kuuzwa. Ni kuingizwa nchini. Marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya 2018 yalizuia kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Lililoko ndani tayari linauzwa kama kawaida. Gari la serikali linalonadiwa baada ya kuondolewa kwenye daftari linatakiwa lisajiliwe upya kwa namba ya raia, lile lenye namba ya serikali ya UG haliendi nyumbani kwako na namba ile. Hesabu gharama hiyo kabla ya kuinua mkono.

#27 — Wakili_Mdogo

Na gari la mtu binafsi, au hata mashine kama ya Mama: tangu sheria ya 2019 ya dhamana za mali zinazohamishika, kuna daftari pale URSB, ofisi ya usajili. Unaweza kuuliza kama mali hiyo imewekwa rehani kwa mkopeshaji mwingine. Bodaboda hasa. Nyingi zinazouzwa kwenye yadi zina deni la mtu wa tatu, na yule wa tatu atakuja.

#28 — MkulimaChai_Kyenjojo

Nyinyi mnanunua mnadani. Sisi tunauzwa mnadani na hatupo.

Majani yangu yanapelekwa kiwandani, kiwanda kinayapeleka Mombasa. Ule mnada ulianza Nairobi 1956, ukahamia Mombasa 1969, na chai ya Uganda, Rwanda, Tanzania na kwingine inauzwa pale pamoja na ya Kenya, kwa dola. Wanunuzi wa Pakistan, Misri na Uingereza ndio wakubwa. Chai ya Uganda mara nyingi hupata bei ya chini kuliko ya Kenya.

Wengine wanatuambia ni ubora, kwamba tunachuma majani manne au matano badala ya mawili na kichipukizi. Wengine wanasema ni umbali na gharama za lori mpaka pwani. Wengine wanasema mnunuzi ameshazoea, akiona Uganda anaanza chini kabla ya kuonja. Mimi naamini kidogo kidogo vyote, lakini la uchumaji ni kweli, nimeona mashamba kwa jirani zangu. Kiwanda kikipima kwa kilo tu, mtu atachuma kilo.

Mama anasema bei inatokana na nani hakuja. Kwetu aliyekosekana mnadani ni mkulima. Kila mwenye kauli kwenye bei yupo pale, isipokuwa yule aliyeamka saa 11 alfajiri.

#29 — MamaChapati_Jinja

MkulimaChai, hapo umenifikisha pengine. Nilikuwa nawafikiria wanunuzi tu.

#30 — Mwalimu_Mbale

Mkulima amenikumbusha maua. Waridi za mashamba ya Wakiso na Mukono zimekuwa zikiuzwa kule Aalsmeer, Uholanzi, kwa saa inayorudi nyuma. Bei inaanza juu, inashuka, na wa kwanza kubonyeza ndiye anayenunua. Hakuna kupandishana. Ukisubiri sana umekosa, ukiharakisha umelipa zaidi. Kundi la Afande lingepata shida pale, kwa sababu mmoja akivunja makubaliano ameshabonyeza na mambo yamekwisha.

#31 — AfandeMstaafu_Bombo

Walete hiyo saa kwenye minada ya magari kesho asubuhi.

#32 — Dalali_Mstaafu

Saa hiyo kwa waridi sawa, zote zinafanana na wanunuzi ni walewale kila siku. Kwa friji lenye mkwaruzo na watu waliokuja mara moja, wote watasubiri lishuke mpaka sifuri. Sikubali, Mwalimu.

Na mvua hamjaitaja. Mnada wa saa 4 asubuhi siku ya mvua kubwa, umati ni nusu. Na wiki za kufungua shule, pesa yote iko kwenye ada. Nimeuza jenereta nzima wiki ya kufungua muhula kwa bei ambayo mwezi uliofuata ingezidi mara mbili. Hakukuwa na hofu wala kundi, na machozi hayakuwepo. Ilikuwa ni Februari tu.

#33 — Fundi_Katwe

Mzee, jenereta hiyo watu walisikia ikinguruma?

#34 — Dalali_Mstaafu

Haikuwa na betri.

#35 — Fundi_Katwe

Basi narudi palepale.

#36 — MamaChapati_Jinja

Wapendwa, nimesoma kibati. Kinasema 220/380V, 3~ (fezi tatu), 1.5 kW, 1400. Nyumbani nina fezi moja. Nifanyeje?

#37 — Fundi_Katwe

Hiyo 220/380 ni habari njema kuliko ingekuwa 380/660. Una njia tatu.

Ya kwanza, ombi la fezi tatu, sasa linakwenda UEDCL, shirika la umeme la serikali, kwa kuwa mkataba wa kampuni ya Umeme ulikwisha Machi 2025. Inategemea nguzo iliyo karibu yako ina nyaya ngapi, na kwa mashine moja sikushauri.

Ya pili, kifaa cha kuendeshea mota, mafundi wengi wanakiita invata. Kinapokea fezi moja ya nyumbani na kutoa fezi tatu za 220. Mota lazima iungwe kwa pembetatu, siyo nyota. Fungua kifuniko cha nyaya: vile vibati vitatu vya shaba vikiwa vimelala mstari mmoja, iko kwenye nyota, vibadilishwe visimame. Chukua cha 2.2 kW kipumue, maana unga mzito unavuta. Faida yake ni kwamba mashine itaanza taratibu, haitapiga gia kwa kishindo.

Ya tatu, kutoa mota na kuweka ya fezi moja ya nguvu ileile na mwendo uleule wa 1400. Ni nafuu kidogo, lakini ukiiwasha bakuli likiwa limejaa italia. Washa kwanza, kisha mimina unga.

Na usiunge soketi ya ukutani ya kawaida. Waya wake wenyewe kutoka kwenye kikata umeme, na waya wa ardhi usisahaulike. Mashine ya chuma, mikono yenye maji na unga.

#38 — MamaChapati_Jinja

Asante sana kaka. Nakwenda na ya pili.

#39 — Bint_Arua

Mama, yule mfanyakazi wa zamani wa kiwanda mtafute. Anaijua mashine ile kuliko kibati, na pengine anatafuta kazi.

#40 — MamaChapati_Jinja

Nimeuliza dukani palipo karibu na kile kiwanda. Wanasema wawili bado wako Walukuba. Nitakwenda.

#41 — Mchuuzi_Malaba

Nitoke kidogo kwenye mada. Kuna shule huku kwetu inanadi mali wiki ijayo: madawati, mashine mbili za fotokopi, tangi la maji la lita 5,000, na masanduku ya vifaa vya maabara ambayo hayajafunguliwa. Mimi natamani fotokopi. Mnashaurije?

#42 — Kinyozi_Kasese

Masanduku! Nunua masanduku!

#43 — Wakala_Nakawa

Kwenye fotokopi angalia kihesabu cha karatasi, kimo ndani ya menyu ikiwashwa. Zilizopita mamia ya maelfu, dramu na rola zake zimechoka. Na uliza kama wino wa aina hiyo bado unauzwa Kampala, piga simu kwanza maduka ya Nasser Road kabla ya siku ya mnada.

#44 — Hajat_Ndeeba

Tangi, mwanangu. Chukua tangi. Linakaguliwa kwa macho, halina mota wala wino.

#45 — MamaChapati_Jinja

Ndiyo maana tangi litapanda, Hajat. Mchuuzi, siku ya ukaguzi wanaruhusu kuwasha? Na mnada ni wapi, shule yenyewe au yadi ya dalali?

#46 — Mchuuzi_Malaba

Shule yenyewe. Ukaguzi ni siku moja kabla, na mkuu wa stoo amesema umeme upo. Nitawasha zote mbili, nitawaletea namba za kihesabu hapa.